Kijani cha Barabara ya Sita

Siku Mzee Shamsuddin alipomwita mwanawe "fundi" kwa mara ya kwanza, Khozema alidhani baba yake kaanza utani uzeeni. Ingekuwa ajabu, maana mzee yule hakupata kumtania mtu wa nyumbani kwake hata siku moja. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki kando ya mashine ya kukoroga rangi, kama kila asubuhi dereva Safari anapomshusha pale. Alichovya kidole kwenye ndoo ya rangi nyeupe, akaisugua kwa kidole gumba, akainusa.

"Fundi," alimwambia Khozema kwa Kiswahili, "hii nani kaisaga? Ina chenga."

Nyumbani walizungumza Kigujarati. Kiswahili cha mzee kilikuwa cha wafanyakazi na wateja. Khozema akamjibu kwa lugha ya nyumbani, "Bawaji, ni mimi, Khozema," kwani ndivyo Mabohora wamwitavyo baba. Mzee akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyebisha hodi nyumba siyo.

"Nakuuliza kwa wema tu, bwana. Sina ugomvi."

Hilo neno wema lilimkaa Khozema rohoni siku nzima. Alikuwa amepita miaka hamsini, mvi zimemjaa, ana kiwanda kizima mkononi mwake njia ya kwenda Pongwe, na baba yake hakuwahi kumuuliza jambo kwa wema.

Daktari wa mjini alieleza kwamba ugonjwa wa mzee unamla kutokea mwisho. Jana inatangulia kufutika, kisha mwaka jana, kisha miaka ya nyuma yake, na utoto ndio utakaobaki kuzikwa naye. Nilofer, mkewe Khozema, alitoka mle chumbani akijifuta macho kwa ncha ya rida yake, lile vazi la wanawake wa Kibohora. Khozema hakulia. Alikuwa akipiga hesabu nyingine. Kama mzee anarudi nyuma, basi iko siku atapita katika mwaka ule. Na siku hiyo atamkuta mwanawe anamsubiri.

Mwaka ule Khozema alikuwa mtoto wa miaka kumi. Kiwanda kilikuwa bado ni banda la mabati Barabara ya Sita, Ngamiani, na nchi nzima ilikuwa haina kitu: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na unga wa kutilia rangi haukuwemo bandarini wala madukani. Mzee Shamsuddin alikuwa amebakiwa na kopo moja la buluu, alilolificha kama dhahabu. Siku aliyolitoa, alimtuma mwanawe akalimimine kwenye pipa jeupe. Mtoto akalimimina kwenye pipa la manjano.

Baba hakumpiga. Alimwita kijana mmoja wa kazi, Zubeiri, akamwambia amshike mtoto mikono kwa nyuma. Kisha akachovya brashi kwenye kijani kilichotokea, akampaka Khozema uso mzima, paji, kope, midomo, akamsimamisha mlangoni mwa banda jua likiwa utosini. Watu wa Ngamiani walipita wakicheka. Wanafunzi wa madrasa walitoka chuoni, wakamwimbia. Alisimama pale mpaka adhana ya magharibi. Mama yake, Khatijabai, alimsugua kwa mafuta ya taa maana hakujua dawa nyingine, ngozi ikabanduka pamoja na rangi, na nyusi ya kushoto haikuota tena mpaka leo.

Habari hiyo haikuwahi kuzungumzwa nyumbani. Khozema alikua, akasoma, akarudi kiwandani, akaleta mashine ya kompyuta ambayo unaiambia rangi unayoitaka nayo inadondosha yenyewe kila tone. Aliondoa unga wa madini ya risasi kwenye rangi zao serikali ilipoukataza. Rangi zake zilifika Lushoto, Maramba, Pangani. Mzee alikuwa akizitazama, anasonya, anakwenda zake. Lililobaki moyoni mwa Khozema lilikuwa dogo tu: alitaka mzee aseme kwa mdomo wake, nilikukosea. Alikuwa amelisubiri neno hilo muda mrefu mno hata likaanza kuoza ndani yake.

Basi akaanza kumrudisha nyuma kwa makusudi. Aliamuru chombo cha kale kitolewe stoo, ile mashine ya roli tatu za chuma iliyokuwa ikisaga rangi kabla hapajakuwa na umeme wa uhakika, akaiweka mahali penye kivuli nyuma ya kiwanda. Alitafuta mafuta ya mbegu za kitani, akayachemsha kwenye sufuria ili harufu imfikie mzee. Wafanyakazi walifurahi. Zubeiri, ambaye sasa alikuwa msimamizi na mzee wa watu, alimshika bosi wake bega.

"Umefanya jambo kubwa, Khozema mwanangu. Mtu akichakaa, mpe vitu vyake."

Nilofer naye alimwambia usiku kwamba Mungu atamlipa. Khozema aliwaacha waamini hivyo.

Na mzee alichanua. Akiwa mbele ya zile roli alisimama wima, mikono ikaacha kutetemeka. Aliwasimulia wafanyakazi vijana jinsi marehemu baba yake, Mulla Taizoon, alivyoanza Pangani karibu na kivuko, akinunua chokaa iliyochomwa pwani kwa mawe ya matumbawe, akiitia buluu ya kufulia na chumvi kidogo, akipaka kuta za watu. Nyekundu yao ilikuwa udongo wa Maramba, wakiuchuja kwa kitambaa cha kaniki. Kisha yakaja mafuta ya kitani kwa meli, na ule unga mweupe wa risasi uliofunika ukuta vizuri kuliko kitu chochote, kabla watu hawajajua kuwa ni sumu. Alisema hayo yote kwa mpango, bila kukosea. Jina la mwanawe tu ndilo lililompotea.

Wiki zikapita, mzee akirudi nyuma. Akaanza kuulizia foleni ya sabuni. Akaanza kulalamika kwamba mafuta ya kitani hayaji, na kwamba meli iliyotia nanga haikuleta kitu ila ngano. Khozema akajua wamekaribia. Akatuma magunia ya maganda ya korosho yaletwe, kwa kuwa katika miaka ile ya shida mzee alitengeneza rangi nyeusi ya mbao kwa mafuta ya maganda hayo na masizi.

Asubuhi ile walikuwa nyuma ya kiwanda, maganda yakikaangwa katika chungu kilichotobolewa, mafuta meusi yakichuruzika kwenye bakuli. Khozema alinyoosha mkono kulichukua bakuli. Mzee akamdaka kiganja.

"Ngoja, fundi! Jipake mafuta ya nazi kwanza. Haya ya korosho yanababua." Akachukua kichupa, akammiminia mwenyewe, akamsugua kidole kwa kidole, kati ya vidole, mpaka kifundoni. "Mkono ndio mali yako. Una mkono mzuri, nimekuangalia. Mtulivu."

Khozema aliuacha mkono wake mikononi mwa baba yake. Kwa kitambo alihisi anaweza kuliacha jambo zima lipite. Angeweza kuwa fundi tu, basi, akafundishwa kazi na mzee mpole mpaka mzee afe. Lakini ulimi ukamtangulia.

"Una watoto, mzee?"

"Ninao. Binti ana akili. Yuko mvulana." Mzee akasonya. "Yule si wa kazi hii. Juzi kaniangamizia kopo langu la mwisho la buluu. Kalimwaga kwenye manjano."

Zubeiri, aliyekuwa akichochea moto, aliinua kichwa.

"Ukamfanya nini?" Khozema aliuliza.

"Nikampaka." Mzee akacheka, kicheko cha meno mawili matatu yaliyobaki. "Nikamwambia, kama ni yako, ivae. Nikamsimamisha mlangoni watu wamwone. Lakini fundi, kijani kilichotoka pale! Sijui nikuelezeje. Jani la mgomba likikunjuka alfajiri, ndivyo kilivyokuwa. Nimekitafuta tena sijakipata."

"Alilia?"

"Nani?"

"Mtoto."

"Ah, watoto hulia. Mama yake naye kalia." Mzee akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, na machozi yakamlengalenga. "Mimi nimesikitika sana. Brashi nzima ya rangi ile imeishia usoni pa mtoto."

Khozema aliondoka pale. Walisikia viatu vyake kwenye sakafu ya saruji, wakasikia kabati linafunguliwa. Aliporudi alikuwa na kopo la rangi ya mafuta, kijani, ile wanayopakia milango, na brashi mpya. Nyuma yake walifuata wafanyakazi wachache walioona uso wake wakajua kuna jambo. Alikuwemo Bibiana wa kubandika nembo, alikuwemo Ayubu wa mashine, na wengine wa kupakia magari.

"Zubeiri, mshike mikono."

Zubeiri alisimama taratibu, magoti yakilia. "Mikono ya nani?"

"Unaijua. Ulishika ya mtoto, utashindwa ya mzee?"

"Siku ile nilikuwa kijana, nilikuwa na njaa, na nilimwogopa," alisema Zubeiri. "Nimeilaani mikono hii miaka yote. Unataka niilaani tena?" Akavua aproni yake, akaitundika kwenye mpini wa ile mashine ya roli. "Khozema mwanangu, twende nje. Tupunge upepo kidogo, tuzungumze."

"Toka."

Zubeiri akatoka. Alipita getini bila kugeuka, na pale kiwandani hakukanyaga tena.

Wala haikuhitajika kumshika mzee. Alipoona kopo limefunguliwa aliinama mwenyewe kulitazama kwa hamu. Khozema akachovya brashi, akampaka paji la uso, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mkono ule ule mtulivu. Kisha mmoja wa vijana wa kupakia akacheka, cheko la woga, wa pili akacheka kwa kuwa wa kwanza kacheka, na mwingine akatoa simu akaanza kupiga picha.

"Inashika vizuri," alisema mzee, macho yamefumbwa. "Inafunika kwa mpako mmoja tu."

"Mimi ni nani?" Khozema alimuuliza kwa Kigujarati.

"Fundi."

Akampaka pua na shavu. "Mimi ni nani?"

Rangi ilichuruzika kutoka kwenye paji, ikaingia jicho la kushoto. Mzee akashtuka. Aliinua mikono, si kumzuia mtu, bali kujikinga, viganja nje, kama wanavyofanya watoto wadogo. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya Kigujarati cha mtoto, na katika wote waliokuwapo pale Khozema peke yake ndiye aliyeifahamu.

"Bawaji, chokaa inaunguza! Bawaji, basi, siimwagi tena! Macho yangu, Bawaji!"

Khozema alisikia. Alielewa pia kwamba mzee hakuwa tena Barabara ya Sita. Alikuwa Pangani, kwenye duka la karibu na kivuko, mbele ya Mulla Taizoon na ndoo ya chokaa, na kitu hiki kilikuwa kimetoka mbali kabla hakijamfikia yeye. Mkono wake ulisita. Kisha akachovya brashi tena, maana lilikuwa limebaki shavu la kushoto na ndevu.

Nilofer aliingia na chakula cha mchana wakati Khozema anafunika kopo. Alikiona kile kilichokaa kwenye kiti cha plastiki, cha kijani, kinacholia, na chano kikamtoka mkononi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini? Khozema, kwa nini?"

"Muulize yeye."

Alikuwa ameshapiga magoti, akimfuta mzee jicho kwa rida yake. "Inatolewa na nini? Sema! Inatolewa na nini?"

Khozema alijua. Miaka thelathini ya kutengeneza rangi, hakuna asilolijua. "Mafuta ya taa," alisema.

"Mama, usimsikilize," Bibiana akadakia, huku akipiga mbio kukichukua kile kichupa kilichosahaulika kando ya maganda ya korosho. "Mafuta ya nazi, taratibu, na kitambaa laini. Tuanze na macho."

Wanawake wale wawili walimsafisha mzee hadi alasiri. Khozema alikwenda kwenye mashine yake ya kompyuta, akamalizia oda ya shule moja ya Korogwe.

Jicho la kushoto halikupona. Lilifunga ukungu mweupe, na daktari akasema kwa umri ule halitafunguka tena. Mzee hakukumbuka kilichotokea, hata asubuhi yake hakukumbuka, lakini mwili ulikumbuka kwa niaba yake. Akiona brashi ya viatu anajikunyata. Safari akipita na fagio anafunika uso. Nilofer alilazimika kuuficha hata mswaki na kumsugua meno kwa kidole. Na ile harufu ya rangi, ambayo ilikuwa ndiyo kitu cha mwisho alichokipenda duniani, ikawa inamtapisha. Walipojaribu kumpeleka kiwandani tena, alishika mlango wa gari kwa mikono yote miwili akapiga kelele mpaka majirani wakatoka vibarazani.

Usiku mmoja Khozema aliingia chumbani mwake, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nguo zake zilikuwa na harufu ya kazi. Mzee aligeukia ukutani, akajikunja, akatetemeka.

"Unaniogopa?" Khozema aliuliza.

Khozema alikaa pale, akamtazama anavyotetemeka, na aliona raha. Aliiona raha hiyo waziwazi, akaionja, hakujidanganya kuwa ni kitu kingine. Alirudi usiku uliofuata, na uliofuata huo. Mara ya nne aliporudi raha haikuwapo. Alimkuta mzee mdogo mno, aliyekonda, anayemwogopa mtu asiyemjua kwa kosa asilolikumbuka. Akatoka, akafunga mlango, na tangu hapo akawa harudi nyumbani mapema.

Ile picha ya simu ilizunguka Tanga, ikavuka mpaka, ikafika Mombasa kwa Narmin, dada yake Khozema. Alikuja na mumewe kwa gari, njia ya Horohoro, bila kupiga simu. Alipanda ngazi moja kwa moja hadi chumbani kwa baba, akakaa naye, akashuka akiwa amekwisha kuamua.

"Namchukua."

"Mchukue."

"Siku ile Barabara ya Sita nilikuwa ndani nyuma ya pazia," Narmin alisema. "Nilikuona umesimama mlangoni. Nilikuonea huruma siku hiyo, na kila siku baada yake. Kila mtu aliponiambia Khozema ana roho ngumu, nilikutetea. Nilisema hamjui alivyofanywa." Alikuwa hapazi sauti. "Sasa imekwisha. Nimekuja na huruma yote niliyokuwa nayo nikampa yeye. Wewe sina cha kukupa."

"Alicheka, Narmin. Alinisimulia huku anacheka."

"Akili yake imeoza. Yako je?"

Pasipoti ya mzee ilikuwa kwenye kasha la ofisini. Narmin hakutaka kusubiri ndani ya nyumba ile hata dakika, wakatangulia, na Khozema akalazimika kuwafuata na pasipoti mpaka mpakani. Aliwakuta Horohoro gari limeegeshwa kando ya malori. Mzee alikuwa amelala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa binti yake, pamba imebandikwa jichoni. Khozema akaipitisha pasipoti dirishani. Narmin akaipokea, akapandisha kioo.

Miezi michache baadaye simu ikaja, naye yuko kwenye mashine. Alikuwa mume wa Narmin. Mzee kafariki jana, akasema, na jana hiyo hiyo wamemzika.

"Mbona hamkuniambia?"

"Narmin kasema tukuambie baada ya kuzika."

Khozema aliiweka simu mfukoni, akamwambia Ayubu aendelee.

Nilofer ndiye aliyetandika mikeka na kuwaalika watu. Hakuwa amezungumza na mumewe zaidi ya maneno ya lazima tangu mchana ule, wala hakumzungumzisha siku hiyo, lakini mzee alistahili kusomewa. Watu walijaa, Mabohora wa mjini na mafundi rangi kutoka kila upande. Picha ya simu wote walikuwa wameiona, na hakuna aliyeitaja. Walimpa Khozema mkono, wakamwambia pole, macho yao yakiwa kifuani pake.

Baada ya kisomo mafundi wakaanza kumsimulia marehemu. Mmoja alipewa ngazi bure siku ya harusi yake. Mwingine alikopeshwa rangi ya nyumba nzima, mzee akasahau makusudi. Fundi mmoja mtu mzima kutoka Maramba, vidole vyake vimepinda kwa kazi, alisogea karibu na Khozema.

"Baba yako alikuwa na mapenzi, bwana. Mimi nilikuja kwake mtoto wa kijijini, sijui kushika brashi. Alikuwa ananishika mkono hivi, ananiongoza ukutani, pole pole. Nikikosea anacheka, ananiambia futa, anza upya. Hakuwahi kunikaripia, hata siku moja."

Watu wakaitikia kwamba ndivyo alivyokuwa. Mlangoni Nilofer alisimama na birika la kahawa, hakumimina.

"Enhe," alisema Khozema, na kwa mara ya kwanza siku ile akainua uso. "Na nini kingine alikufanyia?"